Andika Vipimo

Msikilizaji, kama wewe ni fundi wa jua kali hapa Kisumu, pale sokoni Kibuye, au unasuka viti na vikapu vya gugumaji huko Dunga, sikiliza. Mteja wa Nairobi akifungua Jumia au Jiji kwenye simu, kazi yako iko sako kwa bako na bidhaa kutoka Uchina. Kwa bei peke yake, kiwanda kikubwa kitakushinda. Lakini kiwanda hicho hakitamtengenezea kiti cha kuenea kwenye baraza yake. Wewe unaweza. Basi mwambie.

Andika vipimo. Urefu, upana na kimo, kwa sentimita. Andika vipimo, kisha useme unatengeneza kwa oda. Piga picha mchana, nje, mkono wa mtu ukiwa kando ya msuko ili ukubwa uonekane. Taja bei, pamoja na gharama ya kutuma kwa basi. Wengi huficha bei. Mteja huchoka kuuliza, akaenda zake.

Malipo je? Usiamini picha ya ujumbe anayokutumia mnunuzi. Angalia salio lako la M-Pesa kwanza, ndipo ufunge mzigo.

Leo hii chukua futi kamba, chagua kitu kimoja, andika vipimo vyake.