SIMU IFIKE MEZANI PA MHUSIKA

Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Isevya, Tabora



Nimeombwa niseme juu ya simu za ofisi. Mkulima hupiga simu kuuliza malipo ya tumbaku yake. Opereta humwambia angoje, mhasibu hutafutwa, na salio la mkulima huisha kabla hajajibiwa. Haba na haba hujaza kibaba. Hasara hiyo ikijumlishwa kwa msimu mzima si ndogo.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1891, nchini Marekani, Almon Strowger, ambaye kazi yake ilikuwa kuzika maiti, alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta. Husimuliwa kwamba alishuku wateja wake wanapelekwa kwa mshindani wake. Haja yake ndiyo yetu: anayepiga amfikie amtakaye.

Ofisi hukodi kwa kampuni ya simu fungu la namba, tuseme kumi, zinazopitia laini chache, tuseme nne. Namba si laini: laini nne hubeba mazungumzo manne kwa wakati mmoja, hata namba zikiwa mia. Simu inapoingia, kampuni hutuma kwa swichibodi tarakimu za namba iliyopigwa. Swichibodi huzitafuta katika jedwali lake, kisha huipigisha kengele simu ya ndani inayohusika. Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo ilipofika hapa Tabora iligawanyika, mingine ikaenda Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Swichibodi ndiyo njia panda hiyo, na jedwali ndilo kiongozi wa msafara.

Basi tufuate hatua hizi.

Kwanza, ulizeni kampuni hutuma tarakimu ngapi. Jedwali likingojea tatu za mwisho, na kampuni ikatuma namba nzima inayoanza na 026, simu haitafika.

Pili, andikeni jedwali karatasini kabla ya kumwita fundi: 310 iende 201, mhasibu; 311 iende 202, pembejeo; 312 iende 203, katibu. Namba ipewe kazi, isipewe mtu. Mhasibu akihamishwa, namba ibaki.

Tatu, amueni mapema simu isiyopokelewa iende wapi. Baada ya sekunde 20 iende mapokezi. Namba isiyomo katika jedwali nayo iende huko huko. Amueni pia itakuwaje baada ya saa za kazi.

Nne, zuieni simu iliyoingia kutoka nje isipate njia ya kutokea tena nje, na badilisheni neno la siri lililokuja na mtambo. Wezi hutumia swichibodi iliyoachwa wazi kupiga simu za nchi za mbali, na ankara humfikia mwenye mtambo.

Tano, jaribuni kila namba kwa simu ya mkononi. Simu ya ndani kwa ndani haipiti katika jedwali hilo, kwa hiyo haithibitishi lolote.

Wapo watakaouliza: je, opereta aachishwe kazi? La. Mgeni asiyejua amtafute nani bado atamhitaji, na simu zisizopokelewa zitarudi kwake.

Ndugu wanachama, mtambo hufikisha simu mezani tu. Kuipokea ni wajibu wa mtumishi. Bandikeni orodha ya namba katika kila ghala la chama, na mkutano mkuu uulize kama zinajibiwa. Kuuliza si ujinga.