Kwa Nini Kimbunga Hufia Baharini

Mwalimu na aandike ubaoni maneno matatu: joto, mvuke, upepo. Yote tutayahitaji leo.

Mwezi wa Aprili mwaka 2021 watu wa pwani ya Tanzania walionywa kwamba kimbunga Jobo kinakuja. Wengine waliogopa sana. Lakini kabla hakijafika Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha kuvunjika baharini, yakabaki mawingu na mvua tu. Mtu mmoja aliniambia, “Mabwana wa hali ya hewa wametudanganya.” Hawakudanganya. Sikilizeni.

Kimbunga huanza na kundi la mawingu ya radi juu ya bahari yenye joto, kadiri ya digrii 26 na nusu. Joto hilo lazima lishuke kama mita 50, maana mawimbi makubwa huyakoroga maji, na kama ya chini ni ya baridi, moto unazimika. Maji hayo hutoa mvuke. Mvuke hupanda, hugeuka mawingu, na kuliachia joto lake angani. Hewa hupanda zaidi, na upepo wa chini hukimbilia pale pale ukileta mvuke mwingine. Ni jiko linalojipulizia lenyewe.

Lakini jiko hili lina bomba la moshi, nalo lazima lisimame wima. Hapo ndipo makundi mengi ya mawingu hushindwa. Ikiwa upepo wa juu sana, kilometa 10 au 12 kutoka baharini, unavuma kwa nguvu kinyume cha ule wa chini, bomba hupinda. Mawingu husukumwa huku, kitovu cha upepo hubaki kule, na joto hutawanyika. Au hewa kavu huingia katikati, ikayanywa mawingu kama mchanga unavyokunywa maji. Jobo kilipatwa na yote mawili.

Liko na jambo la tatu. Kimbunga huzunguka kwa sababu dunia yenyewe inazunguka, na karibu na ikweta nguvu ya kuupinda upepo ni ndogo mno. Ndiyo maana vimbunga ni adimu sana katika kilometa 500 za ikweta. Mombasa imo humo. Lindi haimo, nayo ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Unguja nayo haimo: kimbunga cha mwaka 1872 kiling’oa mikarafuu yake.

Tena, Mei 2024, kimbunga Hidaya hakikufia baharini. Kilifika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Yule aliyecheka mwaka 2021 sikumwona tena nikamwuliza.

Sasa fungueni madaftari, mwandike jibu lenu: Bahari ina joto, hewa ina unyevu, lakini upepo wa juu ni mkali. Je, kimbunga kitakua? Kwa nini?