Damu Isiyoganda: Sumu ya Nyoka na Kinga ya Mwili



Mkoa wetu wa Katavi unalima mpunga na tumbaku, unachunga ng'ombe na kurina asali kwenye miombo, na wengi hufanya kazi hizo peku au kwa kandambili. Ndiyo maana leo naieleza damu kwa kupitia nyoka.

Mtu akijikata, chembe sahani hukusanyika penye jeraha. Protini za damu nazo huamshana, moja baada ya nyingine, mpaka thrombini inapoigeuza fibrinojeni kuwa nyuzi zinazofumana kama wavu. Nyuzi hizo huzuia damu isitoke, na vilevile hunasa bakteria ili chembe nyeupe ziwamalize. Kuganda kwa damu ni sehemu ya ulinzi wa mwili, na atakayesoma kimoja bila kingine atakielewa nusu.

Sumu ya boomslang, nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, huuamsha mfululizo huo pasipo jeraha lolote la kuzibwa. Fibrinojeni huteketea, damu ikabaki haina cha kugandia. Inachotisha zaidi ni kwamba sumu hii huchelewa. Karl Schmidt, bingwa wa nyoka huko Chicago, aliumwa Septemba 1957. Aliandika dalili zake mwenyewe, asubuhi yake akala chakula akijiona ana nafuu, na alasiri akafariki. Kwa hiyo mgonjwa asiye na uvimbe asirudishwe nyumbani upesi.

Kuna kipimo ambacho zahanati yoyote inakiweza. Chota damu ya mshipani kiasi cha mililita 2, itie kwenye testi tyubu ya kioo, mpya, safi na kavu. Isimamishe, usiiguse kwa dakika 20, kisha ilaze mara moja. Damu ikimwagika kama maji, sumu imeshaharibu mgando. Plastiki haifai, na tyubu iliyooshwa kwa sabuni haifai pia, kwa kuwa kinachoianzisha kazi ni kuta za kioo chenyewe.

Kwa nini kioo? Mwaka 1955 Oscar Ratnoff wa Cleveland, Marekani, pamoja na Joan Colopy, walieleza habari za John Hageman, mfanyakazi wa reli. Damu yake ilichelewa mno kuganda kwenye kioo, ingawa hakuwa mtu wa kutokwa damu ovyo. Alipungukiwa protini moja, leo inaitwa faktari ya 12, ambayo huamka ikigusa kioo. Protini hiyohiyo huchochea uvimbe mwili unapojihami. Udadisi juu ya mtu mmoja wa relini ndio unaomwezesha muuguzi wa Mishamo, hapa mkoani, kuelewa kwa nini asitumie plastiki.

Tiba ya sumu ya nyoka ni kazi ya kinga. Farasi huchomwa sumu kidogo kidogo kwa miezi mingi mpaka damu yake ijae kingamwili, nazo husafishwa na kuwa dawa. Lakini kingamwili huitambua sumu aliyochomwa farasi tu. Dawa ya kifutu haimfai aliyeumwa na boomslang, ambaye dawa yake mahususi hutengenezwa Johannesburg. Tena protini za farasi ni ngeni kwetu, mwili waweza kuzikataa kwa ghafla, hivyo adrenalini iwe mkononi kabla ya sindano ya kwanza. Baada ya saa 6 kipimo kirudiwe, maana ini huhitaji takriban muda huo kutengeneza fibrinojeni nyingine.

Nyumbani, tafadhali, msifunge kamba ya kukaza, msichanje, msibandike jiwe la nyoka. Kiungo kilichoumwa kitulizwe kwa kijiti, mgonjwa asitembee, apelekwe kituo cha afya. Barabara ya Karema wakati wa masika naifahamu, ndiyo maana muda usipotee kwenye chale.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika magonjwa yasiyopewa kipaumbele, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Naziomba halmashauri zote za Katavi: bajeti ijayo ioneshe testi tyubu za kioo kwa kila zahanati, na dawa ya sumu pamoja na adrenalini kwa kila kituo cha afya.