WAANDISHI WALIOPITIA JANGWANI KWETU

(Maneno yaliyosemwa na halmashauri ya tawi mbele ya wanachama, Katilu)



Twawashukuru kwa kuja, ingawa jua bado ni kali na wengine wenu mmeshinda shambani tangu alfajiri mkifukuza ndege katika mtama. Sisi wa halmashauri tumetakiwa tueleze jambo ambalo wanachama kadhaa wamelinung'unikia. Wanauliza: Kwa nini chama kitumie saa nzima kila Jumamosi kwa kusoma vitabu na kuzungumza habari za waandishi, na hali mshahara ni mdogo na jembe ni ghali? Swali hili ni halali, na tutalijibu bila kuzunguka.

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Msimu uliopita, watu 14 miongoni mwetu tulikubali kazi ya kuzibua mifereji. Tuliletewa karatasi tatu za Kiingereza, tukaambiwa ni mambo ya kawaida, nasi tukatia vidole gumba. Siku ya malipo tukakuta tumekatwa fedha za majembe na fedha za chakula. Majembe yalikuwa yetu. Chakula tulikibeba kutoka nyumbani. Tulipolalamika tukaonyeshwa karatasi ya pili, mstari wa chini kabisa, na alama za vidole vyetu.

Ndipo binti wa mwenzetu mmoja, aliyemaliza kidato cha nne, alipoketi chini ya mti huu akatusomea karatasi zile neno kwa neno, akizifasiri kwa Kiturukana. Wazee wakauliza maswali mazuri sana, maswali ambayo yangetuokoa kama yangeulizwa kabla ya kutia vidole. Wino ulikuwa umekwisha kukauka. Siku ile shauri la Jumamosi lilizaliwa.

Sasa, wako wanaosema kwamba vitabu na waandishi ni mambo ya watu wa Nairobi, na kwamba sisi wa Turkana yatutosha mbuzi na mto. Ndugu zetu, habari hii yafaa tuitazame vizuri, kwa sababu baadhi ya watu waliofikiri sana juu ya siasa za nchi hii, na juu ya vyama vya wafanyakazi hasa, walikaa hapa hapa kwetu Turkana. Hawakuja kwa hiari. Waliletwa na serikali ya kikoloni, ambayo iliona kwamba Turkana ni mbali, pana joto, na maneno yao hayatasikika.

Wa kwanza ni Makhan Singh. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Kenya mwaka 1927, akafanya kazi katika kiwanda cha chapa cha baba yake mjini Nairobi. Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichofungua mlango kwa watu wa rangi zote, na mgomo wa mwaka 1937 ukaleta nyongeza ya mshahara. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika ya Mashariki, Kubai akiwa rais na Makhan Singh akiwa katibu mkuu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akadai uhuru kamili wa nchi zetu. Tarehe 15 Mei wote wawili walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh alipelekwa Lokitaung, kule kaskazini kwetu, kisha akahamishiwa Maralal. Alifunguliwa Oktoba 1961. Hiyo ni miaka zaidi ya 11, ndugu.

Baada yake Lokitaung ilipokea wengine. Tarehe 8 Aprili 1953, mahakama ya Kapenguria iliwahukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba wakafungwa Lokitaung. Mwangalie ni watu gani hawa. Kubai na Kaggia wote wawili walikuwa viongozi wa wafanyakazi. Kaggia aliongoza chama cha makarani na wafanyakazi wa biashara. Kenyatta alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya mila za Wagikuyu, kilichotoka London mwaka 1938. Kwa kuwa alikuwa mzee kuliko wenziwe, yeye aliwekwa jikoni kuwapikia. Alipoletwa Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa msituni, Kenyatta akawa anamfundisha Kiingereza pale pale gerezani.

Basi hesabuni nasi. Kenyatta aliandika. Itote alitoa kitabu chake mwaka 1967. Makhan Singh alitoa historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya mwaka 1969. Kaggia alitoa habari za maisha yake mwaka 1975. Waandishi wanne walipitia kituo kimoja kidogo cha jangwani kwetu. Na mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung ilipenya mpaka London, ikachapwa katika gazeti la The Observer, watu wakajua jinsi walivyokuwa wakiishi. Kalamu ilitoka mahali ambapo mtu hakuweza kutoka.

Wapo watakaotuuliza: Je, mazungumzo yao yalikuwa ya upendo tu? Hapana, na hatutawaficha. Waligombana vibaya mle gerezani. Kaggia, Kubai na Ngei walifarakana na Kenyatta, na Itote alisimama upande wa Kenyatta. Ugomvi huo haukwisha kwa kuja kwa uhuru. Kaggia alidai kwamba watu wasio na ardhi wapewe ardhi, na mwaka 1966 akaondoka katika KANU akajiunga na KPU ya Oginga Odinga. Chama hicho kikapigwa marufuku mwaka 1969. Watu waliokula chungu kimoja kwa miaka mingi walishindwa kukubaliana juu ya swali moja: Uhuru huu ni wa nani, na ardhi ni ya nani?

Swali hilo twalijua sisi wa Katilu. Twaishi juu ya mto Turkwel na mifereji yake. Kila msimu twaulizana maji yatafika kwa nani kwanza, nani ataandikiwa kipande cha shamba, na mchungaji aliyekuwa akinywesha hapa kabla ya mfereji ana haki gani. Waandishi hawa hawakutuachia majibu tayari, wala tusiwasome kama watu wanaosoma sala. Tuwasome kama tunavyomsikiliza mzee barazani: amalize kusema, kisha tumuulize. Kaggia aseme lake, Kenyatta aseme lake, nasi tupime.

Liko jambo moja linalotuuma. Katika vitabu hivyo vinne, hakuna hata kimoja kilichoandikwa na Mturukana. Wakati wa siku zile za Lokitaung wazee wetu walikuwapo, wakiona na kusikia. Yule aliyechota maji alikuwa na maoni gani? Yule aliyepita na ngamia wake akaona watu wamefungwa kwa ajili ya maneno, alisema nini usiku kwake? Nani aliandika? Wengi wao wamekwisha kufa na maneno yao. Makhan Singh aliweza kuandika historia kwa sababu alihifadhi karatasi: maazimio, barua, habari za mikutano. Sisi daftari letu la mikutano liliwahi kutumiwa kuwashia moto. Twacheka, lakini ni msiba.

Majirani zetu wa Kakuma wametutangulia. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992, na mwaka 2008 wakimbizi wenyewe walianzisha gazeti lao, KANERE, ili habari zao zisiandikwe na wageni peke yao. Kama mtu aliyekimbia vita bila kitu ameweza, je, sisi tulio kwetu?

Kwa hiyo, ndugu, halmashauri yaleta mashauri manne, myakubali au myakatae:

Kwanza, saa ya Jumamosi iendelee. Msomaji asome kidogo kidogo kwa Kiswahili, na mwingine afasiri kwa Kiturukana, asiachwe mtu nyuma.

Pili, mama zetu waulize maswali kabla ya wanaume. Msimu ule wao waliona upungufu wa fedha kabla yetu, kwa kuwa wao ndio hununua unga.

Tatu, karatasi yoyote ya kazi isomwe kwa sauti chini ya mti huu kabla ya mwanachama yeyote kutia kidole. Mwajiri mwema hataogopa kungojea siku moja.

Nne, vijana waliosoma wawaendee wazee, waandike maneno yao pamoja na siku na mahali, na karatasi hii ya chama iyachape. Daftari liwekwe ndani ya sanduku la bati, mbali na jiko.

Tumewaeleza, wala hatukuja kuwalazimisha. Anayeona saa hii ni hasara na asimame sasa aseme, naye atasikilizwa mpaka mwisho. Na maneno yake pia tutayaandika.

Umoja ni nguvu.