Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Yuko Wapi?

Wahenga walituachia methali isemayo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo nataka tuipime methali hiyo mbali na kwetu, katika visiwa vya magharibi ya Uskoti, ambako watu wenye fedha huenda kupumzika kwa bunduki na kwa ndoana.

Kwanza niwaeleze likizo yenyewe. Mgeni hukodi nyumba kubwa kwa juma zima, na pamoja na nyumba hukodi ruhusa ya kuwinda na kuvua katika milki ya mwenye kisiwa. Anayewindwa hasa ni kulungu mwekundu, yule ambaye dume lake lina pembe zenye matawi. Mgeni hatoki peke yake. Hufuatana na mwindaji aliyeajiriwa na milki, mtu anayelijua kila bonde. Kazi kubwa si kufyatua risasi bali ni kunyatia. Upepo lazima uwapige usoni, kwani kulungu akinusa harufu ya mtu huondoka na kundi zima. Basi bwana mkubwa aliyezoea kutoa amri ofisini hutambaa kwa tumbo katika tope na maji baridi, huku akiamriwa na mwajiriwa: inama, nyamaza, ngoja. Mnyama akianguka hutolewa matumbo palepale mlimani, kisha hushushwa kwa farasi mdogo au kwa gari. Asiyetaka bunduki huvua samaki mtoni. Usubi nao huwauma wote bila ubaguzi.

Mimi sina ugomvi na mchezo huo. Uskoti haina tena mbwa mwitu wa kupunguza kulungu, nao wakizidi hutafuna miche ya miti mpaka mlima ukabaki uchi. Lazima wapunguzwe, na nyama yao ni chakula kizuri. Wawindaji, wapishi na waendesha mashua hupata riziki humo.

Ninaloliuliza ni jingine. Wageni hao husifu sana upweke wa visiwa hivyo. Husema: huku hakuna mtu! Je, huo upweke ulitoka wapi?

Tukitazame kisiwa cha Rum. Mwaka 1826 watu wapatao 300 wa kisiwa hicho, wasemaji wa lugha ya Kigaeli, walipakiwa melini wakapelekwa Nova Scotia, huko Kanada. Hawakufukuzwa na njaa peke yake. Aliyekodi kisiwa alitaka nafasi ya kondoo. Wengine wakafuata mwaka 1828. Kisiwa chenye wakulima kikawa malisho. Mwaka 1845 kikanunuliwa na Lord Salisbury, akakifanya mahali pa mchezo, na kulungu waliokuwa wamekwisha zamani wakaletwa upya. Mwaka 1888 kikaingia mikononi mwa John Bullough, tajiri wa mashine za viwanda vya pamba. Mwanawe, George, akajenga ngome ya mawe mekundu. Ngome hiyo ilikuwa na taa za umeme wakati nyumba nyingi za Uingereza ziliwasha mafuta, na kinanda kikubwa kilichojipiga chenyewe. Familia ilikaa humo majuma machache tu kwa mwaka, wakati wa kuwinda. Mwaka 1957 kisiwa kikauzwa kwa taasisi ya serikali ya kuhifadhi mazingira, kwa pauni 23,000.

Hapo, ndugu zangu, methali yetu imekwama. Mgeni alikuja, lakini mwenyeji hakupona. Mwenyeji alikuwa amekwisha kuhamishwa ili mgeni apate nafasi ya kukaa kimya.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Jirani ya Rum kuna kisiwa cha Eigg, ambacho nacho kilipita mikononi mwa mabwana waliokifanya mahali pao pa likizo. Mwaka 1997 wakazi wake, waliokuwa kama 65 tu, walichanga na kuomba misaada, wakakinunua kwa pauni milioni 1.5 wakishirikiana na halmashauri ya eneo lao na chama cha wahifadhi. Leo wakazi wamezidi 100, nao wana umeme wao wa jua, upepo na maji. Mwaka 2003 wakazi wa North Harris nao wakachukua milki iliyokuwa ya wawindaji. Kulungu wangali wanawindwa huko, lakini idadi ya kuuawa hupangwa na chama cha wakazi. Mwaka huo huo bunge la Uskoti lilipitisha sheria inayowapa watu wa vijijini nafasi ya kwanza ya kununua ardhi yao inapouzwa.

Jamaa yangu mmoja anayekaa Glasgow aliniuliza: je, ukialikwa kwenye likizo ya namna hiyo, utakwenda? Nikamjibu kwamba nitakwenda, lakini kabla ya kufunga mizigo nitauliza maswali matatu. Shule ya kisiwa hicho ina watoto? Kijana aliyezaliwa hapo aweza kupata kiwanja cha kujenga? Na fedha yangu ikishuka bandarini, itabaki kisiwani au itapanda boti ileile na kurudi mjini? Majibu yakiwa mabaya, sitatambaa katika tope kwa raha ya mtu asiyekuwepo.

Kisiwa ni kizuri kikiwa na kulungu mlimani na samaki mtoni. Lakini jioni ikifika, moshi uonekane ukitoka katika nyumba za wenyeji pia, siyo katika ngome peke yake. Hapo ndipo mgeni aweza kukaribishwa, naye akakaribia kwa moyo mweupe.