TUTENGENEZE NOZELI ZA GARI LETU KABLA YA MAVUNO

(Mazungumzo ya Katibu wa Chama katika mkutano wa wanachama wa Ushirika)



Gari letu la Ushirika, ile Landrover ya dizeli, linatoa moshi mweusi. Asubuhi haliwaki mpaka lisukumwe, na mlimani likiwa na mzigo linakata pumzi. Gari hilohilo ndilo linalobeba mahindi yetu na kuwapeleka wajawazito hospitali. Wapo wanaosema liendeshwe hivyo hivyo mpaka mavuno yaishe. Wengine wanasema liuzwe. Sisi katika kamati tunasema: tuujue ugonjwa kwanza.

Fundi ametazama chujio la hewa, akalikuta safi. Shaka imebaki kwenye nozeli. Injini ya dizeli haiwashi mafuta kwa cheche. Inagandamiza hewa mpaka inakuwa ya moto sana, halafu nozeli inarusha mafuta humo, yanawaka yenyewe. Gari letu lina silinda nne, basi lina nozeli nne.

Mmemwona mtu anayepiga pasi akijaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya nguo kama ukungu. Kazi ya nozeli ni hiyo. Lakini nguvu yake ni kubwa: paundi 2,000 hivi kwa inchi moja ya mraba, wakati tairi la gari lina kama 30 tu.

Ncha ya nozeli ikichakaa, haipulizi ukungu tena, inadondosha matone. Matone hayaungui vizuri, ndiyo moshi ule. Mengine yanaosha oili kwenye kuta za silinda, yanashuka chini na kuifanya oili kuwa nyepesi. Tukiendelea hivyo, moto unaweza kutoboa pistoni. Hapo jamani hatutazungumza habari ya nozeli, tutazungumza injini nzima.

Kinachochakaza nozeli ni nini? Kwanza ni vumbi na maji kwenye mafuta, maana tunanunua kwa madumu. Pili ni kuchanganya mafuta ya taa. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli. Mafuta ya taa ni makavu. Tatu ni kuondoa chujio la mafuta. Eti linaziba! Linaziba kwa sababu linazuia uchafu. Likiziba tununue jingine.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo haya:

1. Nozeli zote nne zifunguliwe na zipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Yeye ataona ipi inapuliza na ipi inadondosha. Ambayo ncha yake imekwisha ibadilishwe ncha. Si lazima kununua nozeli nzima. Kisha azirekebishe zote zifunguke kwa nguvu iliyo sawa.

2. Wakati wa kuzirudisha, washa za shaba ziwe mpya, na za zamani zisisahauliwe ndani ya tundu. Mtu asichokoe ncha kwa msumari wala waya wa chuma. Mwisho upepo utolewe kwenye mipira na mabomba ya mafuta.

3. Pipa la dizeli litulie usiku kucha kabla ya kuchota, na mafuta ya chini kabisa yasichotwe. Maji kwenye chujio yamwagwe mara kwa mara.

4. Dereva aandike kwenye daftari kilomita alizokwenda na lita alizotia. Kilomita tugawanye kwa lita. Jibu likianza kupungua, tujue kuna ugonjwa kabla moshi haujatoka. Hesabu hii tulifundishwa sote kwenye kisomo. Sasa iwe na manufaa.

Neno kwa vijana wanaopenda kusaidia gereji: usiweke mkono mbele ya nozeli inayorusha. Mafuta yale hupenya ngozi na kuingia mwilini. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini mtu anaweza kupoteza mkono. Akipatwa na hayo, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asisubiri maumivu.

Ndugu zangu, gari likisimama katikati ya mavuno, mlanguzi atakuja na gari lake na bei yake. Tukilitengeneza sasa, bei tutapanga sisi. Anayeunga mkono mapendekezo anyooshe mkono.

Ushirika ni nguvu!