Juu ya Kumchagua Mjenzi wa Nyumba



Katika sherehe hii ya miaka kumi tumeombwa kusema machache juu ya ujenzi. Wengi wetu hapa Terrat huuza ng'ombe au mavuno tukajenga mara moja tu katika umri wetu. Nyumba ikiisha, mchana huwa tanuru; na usiku wa Julai baridi hutulazimisha kuwasha jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa. Hewa ya sumu ya jiko hilo haina harufu, nayo huua.

Basi, kabla ya bei, mjenzi na aulizwe: nyumba ataielekeza wapi? Kwetu, karibu na Ikweta, kuta za mashariki na magharibi ndizo zipigwazo sana na jua. Fundi ajuaye kazi atazielekeza kuta ndefu, pamoja na madirisha, kaskazini na kusini. Juni na Julai jua likiegemea kaskazini, litapasha vyumba joto bila ya gharama. Tena aulizwe habari za paa, maana bati tupu ndilo adui mkubwa. Je, ataweka dari, na kuacha njia ya hewa kati yake na bati? Akijibu kwamba hayo ni mapambo, tumshukuru, aende zake.

Yafaa pia ajue tofali la udongo la kufungamana, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelieneza. Hushindiliwa pamoja na saruji kidogo, wala halichomwi kwa kuni. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole na kulitoa usiku. Wazee wetu walilijua hilo.

Mkandarasi atuonyeshe cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Fundi wa kijijini asiye nacho, tukazione nyumba alizojenga. Si asubuhi penye upepo, bali saa nane mchana, tukamwulize mama mwenye nyumba, kwani yeye ndiye ashindaye humo.

Mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Fedha zitolewe kwa hatua: msingi, kuta, paa, na fungu moja libaki mpaka masika ya kwanza yapite juu ya paa hilo. Wako mafundi watakaokasirika kwa sharti hili. Afadhali wakasirike kabla msingi haujachimbwa.

Mwanachama atakayejenga mwaka huu na aje ofisini na mchoro wake kabla ya kununua bati.